Namna ya Kupanga Mtaa Uliokwisha Kujengwa: Mwongozo kwa Afisa Mipango Miji Kijana na Kamati ya Mtaa

Chuoni tunafundishwa kupanga ardhi tupu. Unapewa ramani yenye kontua, mto upande mmoja, barabara kuu upande wa pili, kisha mwalimu anakutaka uweke viwanja, shule, zahanati, soko na makaburi. Ukiripoti kazini halmashauri, ardhi tupu huioni. Unakabidhiwa mtaa ambao watu wamekwisha jenga, wamekwisha zika wazee wao uani, na wamekwisha uziana maeneo kwa karatasi za kuandikiana mbele ya mjumbe. Halafu unaambiwa: panga.

Dar es Salaam iliandaliwa mipango kabambe, yaani mipango mikuu ya ukuaji wa jiji zima, mwaka 1949, 1968 na 1979, yote kwa mikono ya kampuni za ushauri kutoka nje. Jiji likakua kwa njia yake. Manzese, Keko, Buguruni na Vingunguti zilijaa watu waliohitaji pa kulala leo, wakati viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache na foleni yake haiishi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na sehemu kubwa yao wanaishi mitaa ambayo nyumba zilitangulia mchoro wa mipango miji. Anayetaka kuifanya nadharia ya mipango miji iwe na faida kwa watu hao ni lazima ajue kupanga kinyumenyume: nyumba zipo, njia zitafutwe.

Kazi hiyo ndiyo urasimishaji wa makazi: kuupanga, kuupima na kuupatia hati za ardhi mtaa uliokwisha jengwa bila mpango. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya watu wawili wanaokaa meza moja bila kuelewana vizuri: afisa mipango miji aliyetoka chuoni juzi, na mwananchi aliyechaguliwa kwenye kamati ya urasimishaji ya mtaa wake.

Msimamo wangu ni huu. Kazi ifuate mpangilio wa maji kwanza, njia pili, maeneo ya wote tatu, viwanja na hati mwisho. Urasimishaji mwingi umefanywa kinyume chake, kwa sababu kiwanja ndicho kinacholipiwa na hati ndiyo inayongojewa. Matokeo yake ni mtaa wenye hati nzuri ambao mvua ikinyesha watoto hawaendi shule, na nyumba ikiungua zimamoto wanaishia barabara kuu.

Hatua ya 1: Kabla hujaenda, jua kila kipimo kinalinda nini

Chukua kanuni za viwango vya mipango miji zinazotumika sasa. Zimewahi kubadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo usitegemee madesa ya chuo. Pitia kila kipimo na ujiulize kiliwekwa ili kulinda kitu gani. Upana wa barabara ya makazi, kwa mfano, umebeba kazi nyingi kwa pamoja: magari mawili yapishane, maji ya mvua yapate mtaro, nguzo za umeme na bomba la maji vipate pa kukaa, moto usiruke kutoka nyumba hii hadi ile, hewa ipite.

Ukishajua kazi hizo, kipimo kinakuwa kitu unachoweza kukijadili bila kukiuza. Kuna uchochoro ambao hauhitaji kupishanisha magari, lakini hauwezi kukosa mtaro. Upo mwingine ambao mtaro wake uko nyuma ya nyumba, ila ndiyo njia pekee ya kumtoa mgonjwa. Afisa asiyejua sababu ya kipimo ana mambo mawili tu ya kufanya. Atang'ang'ania namba mpaka wananchi wamfukuze, au ataikubali njia yoyote ilimradi mchoro ukamilike. Nimeona yote mawili, na la pili ndilo baya zaidi kwa sababu halina kelele.

Sheria ziko upande wako. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ina vifungu mahususi, kuanzia cha 56, vinavyoruhusu skimu za urasimishaji na kutambua haki za waliojenga bila viwanja kupimwa. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 ndiyo inayoupa mchoro wako nguvu. Visome vifungu hivyo mwenyewe, na uende na nakala. Kwenye mkutano atasimama mzee mmoja akuulize, "Kijana, hii nguvu ya kutukatia maeneo yetu umeipata wapi?" Anastahili jibu lenye namba ya kifungu.

Hatua ya 2: Pita kwa wenye mtaa

Anzia ofisi ya serikali ya mtaa: mwenyekiti, mtendaji, kisha wajumbe wa mashina, yaani viongozi wa vikundi vidogo vya nyumba za jirani. Mjumbe anajua nani ni mwenye nyumba na nani ni msimamizi tu, nani ameuza kipande cha uani, mirathi ipi bado ina mgogoro, mpaka upi ukiugusa watu watashikana mashati. Maarifa hayo hayapo kwenye picha ya anga.

Kamati ya urasimishaji ichaguliwe kwenye mkutano wa hadhara, si kuteuliwa mezani. Hakikisha ina wanawake wenye sauti, kijana mmoja au wawili, na mtu anayekaa upande wa bondeni. Kamati ikiwa ya wenye nyumba za barabarani peke yao, mchoro utapendelea barabarani. Nashauri pia awemo mpangaji, ingawa watu watauliza mpangaji ana haki gani kwenye ardhi isiyo yake. Mpangaji ndiye anayeamka saa kumi usiku kuchota maji, na katika mitaa mingi ya Dar wapangaji ni wengi kuliko wenye nyumba.

Hatua ya 3: Tembea kiangazi, halafu tembea mvua inanyesha

Hapa usifanye haraka. Usipofanya kitu kingine chochote kwenye mwongozo huu, fanya hiki.

Kiangazi unaona nyumba, kuta na mipaka. Masika unaona mtaa wenyewe. Vaa mabuti, chukua mwavuli na ramani iliyofunikwa nailoni, umwombe mjumbe mtoke wakati mvua imekaza. Weka alama mahali maji yanapotokea, yanapogawanyika, yanapogonga ukuta wa mtu na kugeuka, yanapoingia ndani. Angalia kuta: mstari wa tope uliobaki kwenye chokaa unakwambia maji yalifika wapi mwaka jana. Angalia milango: ukikuta nyumba tatu mfululizo zimejengewa vizingiti vya saruji vinavyofika magotini, huhitaji kuuliza swali. Angalia pia mifuko ya mchanga na matairi yaliyopangwa pembeni. Wananchi wamekwisha chora ramani ya mafuriko kwa mikono yao, kazi yako ni kuisoma.

Halafu ona jambo ambalo haliandikwi kwenye ripoti. Kuna mitaa ambayo mvua kubwa ikianza, watu wanatapisha vyoo. Shimo limejaa, lori la kunyonya majitaka haliwezi kuingia, kwa hiyo mwenye nyumba anazibua tundu lililoachwa ubavuni mwa shimo na kuyaachia maji ya mvua yabebe. Yanapita mlangoni kwa jirani wa chini, yanapita kwenye kibanda cha mama anayekaanga mihogo, yanaingia mtoni. Baada ya hapo ndipo kipindupindu kinapotangazwa redioni. Ukimlaumu mwenye choo, hujafika kwenye chanzo. Nenda mpaka kwenye kona ambayo lori linashindwa kukata. Aghalabu ni kona moja: pembe ya ukuta wa fensi upande huu, ngazi ya duka upande ule, na katikati pamebaki upenyo wa bajaji. Nyumba nyingi nyuma ya kona hiyo zinatapisha vyoo kwa sababu ya pembe mbili za tofali. Itie alama kwa kalamu nyekundu. Umeshapata kipande cha kwanza cha mpango wako.

Hatua ya 4: Tengeneza ramani ya hali halisi pamoja na wakazi

Siku hizi kupata picha ni rahisi. Droni ikiruka asubuhi moja inakupa mtaa mzima. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam darasani, wakaingia mitaani na wakazi kuchora nyumba, njia na mitaro ya kata zinazofurika, na kuziweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambako yeyote anaweza kuziona. Anza na ramani hizo kabla ya kulipia nyingine.

Picha lakini haioni chini ya bati. Kila nyumba ipitiwe na vijana wa mtaa wakiongozana na mjumbe, waandike: wanaishi watu wangapi, wapangaji wangapi, maji wanapata wapi, choo kiko wapi na kimejaa lini mara ya mwisho, kuna kaburi, kuna mti mkubwa, kuna biashara gani. Choo na kaburi ndivyo vinavyosahaulika sana, na ndivyo vinavyokuja kuvunja mchoro baadaye. Huwezi kupitisha njia juu ya kaburi la baba wa mtu kwa sababu kwenye kompyuta palionekana peupe.

Jina la nani linaandikwa kama mmiliki? Uliza kwa uangalifu, tena uulize mume na mke wakiwa pamoja. Nyumba nyingi zimejengwa kwa jasho la wawili na zina jina la mmoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda mwenza dhidi ya kuuziwa nyumba ya ndoa bila ridhaa yake, lakini ulinzi huo unakuwa na meno zaidi majina yote mawili yakiwa kwenye fomu tangu siku ya kwanza. Fomu ya umiliki wa pamoja iwe ndiyo ya kawaida. Anayetaka jina moja ndiye aeleze sababu.

Ramani ikishachapishwa, ibandike ukutani ofisi ya mtaa kwa wiki kadhaa na kalamu ifungwe kwa uzi pembeni. Watu wataisahihisha.

Hatua ya 5: Gawa mkutano uwe mdogo

Mkutano wa hadhara wa mtaa ni wa kutangaza na kupitisha. Kujadili mita mbili za uchochoro mbele ya watu mia tatu hakuwezekani. Wenye sauti kubwa watasema, wengine watapiga makofi au kuguna, na aliyeguswa hasa ataondoka kimya akaweke tofali usiku.

Kenya wametupa mfano wa kufuata. Agosti 2017 Kaunti ya Jiji la Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la upangaji: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, lenye kaya zipatazo 100,000. Ujenzi mpya ulisimamishwa kwa miaka miwili ili mpango uandaliwe. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao waliwapanga wakazi kaya kumi kumi, kila kumi wakatoa mtu, vikundi kumi vikaungana kuwa kundi kubwa zaidi, na maneno yakapanda ngazi hiyo mpaka mezani kwa wahandisi, wanasheria, madaktari na walimu wa vyuo vikuu waliokuwa wamegawana mada. Sisi Tanzania ngazi ya namna hiyo tunayo tayari, kwa wajumbe wetu wa mashina. Tunaitumia kwa kura na michango ya misiba. Itumike na kwa mchoro.

Kwa hiyo kaa na kila shina peke yake, chini ya mwembe au uani kwa mtu, jioni watu wakishatoka kazini. Wamama wengi wa biashara hawapatikani asubuhi. Peleka ramani ya shina hilo tu, kubwa, ambayo mtu anaona bati lake. Mwulize kila mmoja swali moja la vitendo: mgonjwa akizidiwa usiku, mnamtoa kwa njia ipi? Majibu yakishaanza kupishana, mazungumzo ya njia yameanza yenyewe.

Hatua ya 6: Pata njia, kwa kamba na chokaa

Hii ndiyo hatua inayogharimu, kwa sababu kila mita ya njia ni mita ya uwanja wa mtu. Anza kwa kugawa njia kwa kazi. Vipimo vyangu vya kufanyia kazi ni hivi, navyo ni vya chini kabisa, kabla ya kuongeza mtaro:

- Njia ya miguu, mita 2: jeneza linabebwa mabegani bila kuinamishwa, baiskeli ya magurudumu matatu ya mtu mwenye ulemavu inapita, bajaji inaingia kwa shida.
- Njia ya huduma, mita 3 hadi 3.5: gari la wagonjwa na pikapu.
- Njia ya lori, mita 4 au zaidi na kona zilizokatwa: zimamoto, majitaka, taka ngumu.

Ukiweza kupata kiwango kamili cha kanuni, chukua kiwango kamili. Pale ambapo kiwango kamili kinabomoa nyumba ishirini na kile cha chini kinabomoa vibaraza vitano, andika sababu zako na uzipeleke halmashauri mapema, kabla mchoro haujakamilika, ili mamlaka ya upangaji iamue ikijua. Usifiche upungufu kwa kuchora njia pana ambayo ardhini haipo. Mpima ardhi atakuja, atakuta ukuta, na mchoro wote utarudishwa.

Kanuni yangu ya pili: kila nyumba ifikiwe na njia ya miguu, na hakuna nyumba iwe mbali na njia ya lori kupita urefu wa mipira ya kunyonyea majitaka. Waulize wenye malori wanaohudumia eneo lako mipira yao ikiungwa inafika mita ngapi, halafu chora duara hilo kwenye ramani. Nyumba zitakazobaki nje ya duara zote zijadiliwe moja moja. Baadhi zitahitaji suluhisho jingine, kama pampu ndogo za mkono na pikipiki za matairi matatu zenye matangi, zinazotumika katika baadhi ya mitaa ya Dar, au mabomba madogo ya majitaka yanayopita vichochoroni. Hapo mwite mhandisi wa mamlaka ya maji akae nanyi chini ya mwembe. Asiletewe barua tu.

Sasa toka nje na kamba. Mstari kwenye karatasi hauumi, kwa hiyo watu wanaukubali bila kufikiri na kuukataa siku ya kuweka mawe ya mipaka. Kamba inaonyesha. Funga ncha mbili kwenye vigingi pande zote za uchochoro kwa upana mnaoutaka, mwaga chokaa chini yake, kisha iacheni siku tatu. Watu watapita, wataona kamba imekata kibaraza cha nani, imepita kwenye karo la nani, imeacha ukuta wa nani. Jioni utasikia minong'ono, na minong'ono hiyo ni mali. Mara nyingi malalamiko yanahusu usawa zaidi ya ukubwa: kwa nini upande wangu mita nzima na upande wa yule mwenye gorofa sentimita thelathini? Kama sababu ni kwamba gorofa ni ghali kuvunja, sema hivyo wazi, na huyo mwenye gorofa achangie kwa namna nyingine, kama vile kugharimia mtaro au kumjengea jirani choo kilichoguswa. Njia ikipanuka thamani ya nyumba zote inapanda, na ya gorofa inapanda zaidi. Haiingii akilini bibi mwenye vyumba viwili atoe ardhi ili mwingine apate pa kuegesha gari.

Makubaliano ya kila shina yaandikwe siku hiyohiyo: nani anatoa nini, nani anavunja lini, nani anafidiwa na nani, sahihi, dole gumba, mashahidi, muhuri wa mtaa. Nakala abaki nayo mwenye nyumba.

Hatua ya 7: Sema ukweli kuhusu bondeni

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na fukwe. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Usiwape watu wa ukanda huo matumaini ya hati ili wakusaidie kupata akidi ya mkutano. Pia usiwafute kwenye ramani kana kwamba hawapo. Waandikwe wote, wenye nyumba na wapangaji, pamoja na shule za watoto wao na kazi zao ziliko, na orodha hiyo iende halmashauri pamoja na mchoro. Aliyeandikwa ana pa kuanzia akidai. Na ukanda wenyewe uuwekee matumizi mara moja, kama vile bustani za mboga, miti au kiwanja cha mpira cha kiangazi, kwa sababu ardhi ya bonde isiyo na mwenyewe inajaa kifusi, na juu ya kifusi nyumba inarudi.

Hatua ya 8: Maeneo ya wote

Usitafute ekari, hutazipata. Tafuta panapotumika tayari: uwanja mdogo mbele ya msikiti, kivuli cha kijiwe, jalala la zamani, eneo la mkondo wa bomba. Wekeni alama, lipeni eneo hilo jina, mliingize kwenye mchoro kama eneo la umma. Shule ikikosekana ndani ya mtaa, hakikisheni walau njia ya watoto kwenda shule ya kata haivuki mtaro bila kalavati.

Hatua ya 9: Viwanja, hesabu, na safari ya mchoro

Sasa ndiyo chora viwanja. Vitakuwa na pembe za ajabu na ukubwa usiolingana, hilo ni kawaida. Mchoro upitishwe na mkutano wa mtaa, uende kwenye kamati za halmashauri, kisha kwa mamlaka ya ardhi kwa idhini. Baada ya idhini ndipo mpima anakuja kuweka mawe. Mawe yakiwekwa kabla ya mchoro kuidhinishwa, mmenunua mawe tu.

Kuhusu fedha nitasema kwa mkazo, kwa sababu imani ya watu wengi kwa urasimishaji imefia hapa. Mitaa mingi walichanga, kampuni ikapima nusu, halafu kimya. Jilindeni hivi: mkataba usomwe kwa sauti mkutanoni kabla ya kusainiwa, na bei isizidi kikomo kilichowekwa na serikali. Michango iingie akaunti ya benki ya kamati yenye watia sahihi watatu, haipiti mkononi kwa mtu. Kampuni ilipwe kwa hatua, malipo ya mwisho yangoje ramani ya upimaji iliyosajiliwa. Taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani kila mwezi, jirani na ramani. Na tangu mwanzo waelezeni watu kwamba gharama ya kupanga na kupima ni tofauti na tozo za hati zitakazofuata, pamoja na kodi ya ardhi ya kila mwaka. Kuna wanaoishia kwenye mawe kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna mlima wa pili.

Hatua ya 10: Jengeni kitu kabla hati hazijafika

Hati inachukua muda. Mtaro wa mita mia mbili hauchukui. Hanna Nassif, Kinondoni, miaka ya 1990, wakazi wenyewe waliingia kwenye kazi ya kujenga mitaro na barabara za ndani kwa nguvu kazi ya mtaa, wakilipwa, kwa msaada wa wahisani na wataalamu, na eneo lililokuwa linazama likaanza kupitika. Funzo ninalolichukua hapo ni la mpangilio wa kazi. Watu waliona maji yakiondoka, ndipo wakawa na sababu ya kulinda njia.

Chagueni kona ile ya kalamu nyekundu. Kateni ukuta, hamisheni ngazi, mlipeni fundi, lori la majitaka liingie wiki hiyohiyo. Barabara zilizo chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, ziombeni kwa barua yenye mchoro uliopitishwa, maana ombi lenye mchoro linajibika kirahisi kuliko ombi lenye malalamiko. Kisha mtaro mkuu, kuanzia chini kwenda juu. Nasisitiza, kuanzia chini. Ukianza juu, unamwagia jirani wa chini maji mengi zaidi kwa kasi zaidi, na huyo hatakuunga mkono tena.

Mtaro ukikamilika, uwe na ratiba ya kuuzibua na majina ya mashina, na gari la taka lipate pa kusimama. Mtaro usio na mahali pa kutupa taka unageuka dampo kabla ya vuli.

Hatua ya 11: Linda njia dhidi ya tofali la usiku

Njia mpya huvamiwa kidogo kidogo: kwanza meza ya genge, kisha banda, kisha msingi. Mauziano ya vipande vya ardhi yanapita ofisi ya mtaa, kwa hiyo hapo ndipo penye lango. Wekeni mchoro mkubwa, ulioidhinishwa, ukutani kwa mwenyekiti, na kamati ikubaliane kwamba hakuna mauziano yanayogongwa muhuri kabla kiwanja hakijaonyeshwa kwenye mchoro na mipaka yake haijatazamwa kwa macho na mjumbe. Mafundi wa mtaa waitwe nao waelezwe njia ziko wapi. Fundi akijua kwamba msingi utang'olewa na hatalipwa, atakuwa wa kwanza kumwambia tajiri wake asogee. Anayetaka kujenga aelekezwe halmashauri kuomba kibali, na afisa wa huko ajitahidi kijibiwe haraka, maana kibali kinachokaa miezi ndicho kinachowafundisha watu kujenga Jumapili.

Kila miezi mitatu kamati itembee njia zote na kamba ileile, iandike kwenye daftari upana ilioukuta, shina kwa shina, na jina la mjumbe aliyekuwepo. Uchaguzi wa serikali za mitaa ukifika na mwenyekiti akabadilika, makabidhiano ya ofisi yaanze na daftari hilo, mchoro wenye muhuri, na yale makubaliano ya mashina yenye sahihi na dole gumba, yakihesabiwa moja moja mbele ya mtendaji.